Wazee wanapouliza "ukoo ule una nini?": urithi wa magonjwa ya ubongo

Huku Nyanda za Juu Kusini posa haipiti hivi hivi. Mshenga akishaondoka, shangazi na wajomba hutumwa Rungwe, Makete au Mufindi kuchunguza: ukoo ule una kifafa? Una wagonjwa wa akili? Kuna aliyekufa akitikisika mwili? Sisi tunaofanya kazi ya magonjwa ya ubongo hatulibezi swali hilo, kwa sababu ni swali la urithi hasa. Kinachoumiza ni jibu linalotolewa. Akionekana mgonjwa mmoja, ukoo mzima hufungiwa mlango, na mara nyingi lawama anatwishwa mama.

Kifafa kwanza, maana hapo wengi huonewa. Mbozi na wilaya jirani, ambako nguruwe hufugwa kwa wingi, kuna tatizo la minyoo tegu. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo. Mtu akiyameza kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa vizuri, viluwiluwi vyake huweza kuhamia kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ndugu wawili wakianguka kifafa katika nyumba moja, huenda chanzo ni choo na nguruwe wanaozurura, wala si damu ya ukoo.

Yapo kweli magonjwa yanayofuata ukoo moja kwa moja, na Huntington ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mgonjwa huanza kudondosha vikombe, mikono na mabega hucheza bila hiari, hatua huyumba hata majirani wakadhani amelewa. Hasira na sonona huweza kutangulia miaka mingi kabla ya mtikisiko, ndiyo maana wengine hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, kwa maombi, au wodi ya akili.

Ugonjwa huo hutokana na jeni moja, yaani kipande cha vinasaba, iliyo kwenye kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) ya 4. Ilipatikana mwaka 1993, kwa msaada mkubwa wa familia za kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, zilizokubali kutoa damu na historia ya koo zao kwa Nancy Wexler, mtafiti ambaye mama yake mzazi aliugua ugonjwa huo huo. Ndani ya jeni hiyo herufi tatu za vinasaba, CAG, hujirudia. Zikijirudia chini ya mara 27 hakuna tatizo. Zikifika 40 au zaidi, mtu ataugua akiishi umri wa kawaida. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi, awe wa kike au wa kiume, na ni kama kurusha shilingi upya kila mimba: kaka kurithi hakumwokoi dada. Baba hurithisha sawasawa na mama. Tena marudio hayo huelekea kuongezeka zaidi yanapopita kwa baba, na mtoto akaugua akiwa na umri mdogo kuliko babaye.

Kwa nini basi mtu aoe, azae, alime, kisha augue akiwa na miaka 40? Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliotumia ubongo wa wagonjwa waliofariki, umetoa mwanga mkubwa. Katika baadhi ya seli za ndani ya ubongo, marudio yale huendelea kurefuka maisha yote, polepole sana. Seli huvumilia mpaka yanapopita takriban 150, ndipo huanza kuharibika na kufa. Ndiyo maana watafiti sasa wanatafuta dawa ya kuzuia urefukaji huo.

Kwetu Waafrika kuna jambo jingine. Mwaka 2001 ulitambuliwa ugonjwa unaofanana sana na Huntington, lakini unaotokana na jeni nyingine kwenye kromosomu ya 16, na karibu wagonjwa wote wanaojulikana wana asili ya Afrika. Mgonjwa wa hapa akipimwa Huntington na kipimo kisionyeshe kitu, daktari asiishie hapo. Inanisikitisha kwamba sehemu kubwa ya tafiti za jeni bado hufanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao wengi huuita kichaa, ni habari tofauti kabisa. Hakuna jeni moja ya kichaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha maeneo 287 ya vinasaba yanayohusika, na kila moja mchango wake ni mdogo. Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana nafasi ya takriban 1 kati ya 10. Yaani wengi wao hawataugua. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Kuvunja uchumba kwa sababu baba mdogo wa binti aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ni kumwonea.

Mkija kliniki, njooni na bibi au babu mwenye kumbukumbu. Tunachora ukoo kwenye karatasi, mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, tunatia wino kwa aliyeugua, na kuuliza alianza akiwa na umri gani. Mara nyingi karatasi hiyo hutuelekeza kabla ya kipimo chochote. Kipimo cha jeni hufanywa baada ya ushauri nasaha, na mtu mzima asiye na dalili ana haki ya kukataa kujua. Mtoto asiye na dalili hatumpimi Huntington, hata wazazi wakiomba. Tunamsubiri akue aamue mwenyewe.