Dagaa, Kunde na Matembele: Kulisha Familia Vizuri kwa Pesa Kidogo

Katika madarasa ya lishe ninayofundisha huku Temeke, swali la kwanza huwa jepesi: jana usiku mlikula nini? Aliyekula pilau au kuku hujibu kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, na aliyekula dagaa kwa mchicha huinamisha uso na kusema, "Sisi jana tulikula hivyo hivyo tu, majani." Kwa kipimo cha lishe, mara nyingi huyu wa pili ndiye aliyewalisha wanawe vizuri zaidi, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Naamini kabisa kwamba dharau hii inazigharimu familia nyingi za Dar es Salaam kama zinavyogharimiwa na bei za sokoni. Mama mwenye fedha kidogo ya matumizi, akiona haya kupika kunde siku ya pili mfululizo, atanunua robo ya nyama, ataikata vipande vya kuhesabika, kisha ataongeza mchuzi wa nyanya ili ugali upate kushuka. Watoto watalala wameshiba, lakini kipande cha ukubwa wa kidole gumba hakitoshi kumjenga mtoto anayekua, na fedha ileile ingetosha kunde, dagaa, fungu la matembele na limau.

Tuwatazame dagaa kwa makini. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe zina protini ya gramu 20 hivi, ilhali kiasi hichohicho cha dagaa wakavu kina zaidi ya gramu 50, kwa sababu maji yamekwisha kuondoka na kilichobaki ni chakula chenyewe. Zaidi ya hapo, dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo mtoto hupata kalsiamu ya mifupa na meno ambayo mnofu wa nyama hauna kwa kiasi hicho. Chagua wale wakavu wanaong'aa na wasionuka uvundo, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, wachuje, kisha uwakaange kwa mafuta kidogo hadi wakauke kabla ya kuweka kitunguu na nyanya. Limau likamuliwe mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kwa kuwa vitamini C hupungua kwa moto, nayo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo kwenye kunde na mboga za majani. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, ndiyo maana tunashauri iachwe ipite kama saa moja baada ya mlo, hasa kwa mjamzito.

Jamii ya kunde ni hazina ambayo watu wa pwani wameijua tangu zamani. Mama mmoja wa Tandika alinionyesha anavyozigawa mbaazi zake. Usiku huziloweka, asubuhi humwaga maji yale na kuzibandika kwa maji mapya, na kwa kuwa zimekwisha kulainika, mkaa unaotumika ni mdogo. Nazi ni moja tu kwa sufuria ya watu saba: tui la pili, lile jepesi, ndilo linalochemkia mbaazi, na kasimile, tui zito la kwanza, huingia mwisho kwa dakika chache, likikorogwa bila kuacha mkono ili lisikatike. Mbaazi hizo asubuhi huliwa kwa maandazi, na zinazobaki huchemshwa tena kwa mlo wa mchana, juu ya wali wa mchele chenga, ambao ni wa bei nafuu kuliko mchele mzima ingawa lishe yake ni ileile. Nilipomsifu alishangaa sana.

Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, kwani zikioshwa baadaye vitamini nyingi huondoka na maji, na mchicha hauhitaji zaidi ya dakika chache motoni. Kisamvu ni tofauti: kina sumu ya asili, hivyo lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu. Matembele huota hata kwenye kiroba kilichojazwa udongo mlangoni, na yakipikwa kwa mafuta kidogo, vitamini A yake hufyonzwa vizuri zaidi. Kwa matunda, fuata msimu.

Unga wa dona una nyuzinyuzi, madini na vitamini B ambazo kwenye sembe huondolewa pamoja na pumba na kiini. Hata hivyo, dona ya mahindi yaliyoota ukungu ni hatari. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Chambua mahindi kabla ya kusaga, utupe punje zilizobadilika rangi bila kuzionea huruma, na usage kiasi cha wiki chache tu, kwa sababu mafuta ya kiini huufanya unga wa dona uharibike mapema.

Kununua kwa kupima kila siku, kijiko cha sukari hapa na kikombe cha unga pale, hula fedha nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Majirani watatu wanaweza kuchanga wakanunua debe la maharage soko la Tandale au mkungu wa ndizi soko la Mabibo na kugawana, na anayeweza kufika soko la samaki la Feri asubuhi aulize vibua kabla ya changu.

Kuhusu kiporo, kutokidharau chakula hakumaanishi kula kilichochacha. Kwa joto la jiji hili, chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kikitolewa huko kichemshwe hadi kitokote, mara moja tu. Asiye na friji apike kwa kipimo cha mlo mmoja.

Tunapokula kwenye sinia moja, na ni desturi njema, mdogo kuliko wote huachwa nyuma na mikono ya kaka zake. Mtoto wa chini ya miaka 5 apakuliwe sahani yake, mboga kwanza, na mkubwa mmoja akae naye mpaka amalize. Hapo ndipo baba aseme ahsante kwa aliyepika na aitaje mboga kwa jina lake, ili watoto wakiulizwa kesho shuleni walikula nini wajibu kwa sauti: dagaa kwa matembele.