Uso wako una mwenyewe: tunayoyaamini kuhusu nakala bandia, na sheria inavyosema

Mama mdogo alinionyesha simu yake tukiwa jikoni. Kwenye skrini, daktari anayejulikana sana kwenye televisheni alikuwa akisifia matone ya kuponya kisukari: koti jeupe, Kiswahili safi, sauti ile ile ya kila wiki. "Si ndiye yule?" Nikamwomba arudishe nyuma, tukaitazama midomo. Alipotamka "maumivu" na "mboga", midomo haikukutana. Na huwezi kutamka m wala b bila kufumba midomo, hebu jaribu. Mama mdogo alikuwa ameshauliza bei.

Daktari yule aliibiwa uso na sauti: video ilikuwa bandia, imetengenezwa kwa akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazoweza kuiga sura na sauti ya mtu. Tangu siku ile nimesikia mengi yakisemwa kuhusu video za aina hii, na mengi si kweli. Linaloniuma zaidi ni kwamba watu wanaamini hawana pa kwenda, ilhali pa kwenda papo.

"Haki hizo ni za mastaa."

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda yeyote anayeweza kutambulika. Haiulizi una wafuasi wangapi. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekwenda kustarehe, bila ridhaa yake. Roma School ya Uthiru ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila ruhusa ya wazazi.

Najua, hizo zilikuwa picha halisi. Sheria yenyewe iliandikwa kabla zana za akili mnemba hazijamfikia kila mwenye simu. Lakini maswali yake ni yale yale: huyu mtu anatambulika? Aliridhia? Tapeli hawezi kulikwepa swali la kwanza, kwa sababu video bandia ya mtu asiyetambulika haimletei hata senti. Kile kinachoifanya imfae ndicho kinachoiingiza ndani ya sheria.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume inayopokea malalamiko. Kabla yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilikuwa imeshafanya kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta kuwa jinai.

"Uso wangu ni hakimiliki yangu."

Hapa huteleza hata wasanii wazoefu. Hakimiliki hulinda kazi: wimbo, picha, filamu. Picha yako aliyoipiga mtu mwingine inaweza kuwa kazi yake yeye. Haki uliyonayo wewe uliyepigwa ni nyingine kabisa, ni haki juu ya nafsi yako, na ukiibeba kwa jina la hakimiliki utarudishwa mlangoni.

Kesi ninayoipenda kwa kuonyesha tofauti hii ni ya Marekani. Miaka ya 1980 kampuni ya magari ya Ford ilitaka mwimbaji maarufu Bette Midler aimbe kwenye tangazo la gari. Akakataa. Wakala wa matangazo akamchukua mwimbaji aliyewahi kumwitikia Midler jukwaani, akamwambia aige sauti ile kadiri anavyoweza. Ruhusa ya kuutumia wimbo walikuwa nayo, kutoka kwa mwenye wimbo. Upande wa hakimiliki walikuwa safi. Hata hivyo, mwaka 1988 Mahakama ya Rufaa ilisema kuiga kwa makusudi sauti inayojulikana ya mwimbaji ili kuuza bidhaa ni kuchukua kisicho chako, na baadaye jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani likamtunuku Midler dola 400,000. Hapakuwa na kompyuta yoyote pale, ni koo la binadamu tu. Kazi ile leo inafanywa na programu kwa sekunde chache za rekodi.

Tennessee, jimbo la Marekani lenye miji ya muziki ya Nashville na Memphis, ilikuwa na sheria ya kulinda jina na sura tangu 1984. Machi 2024 ikaongeza sauti waziwazi, na sheria hiyo mpya, iliyoanza kazi Julai mwaka huo, inaitwa ELVIS. Denmark ilipendekeza mwaka 2025 kuviingiza mwili, uso na sauti ya kila mtu ndani ya sheria yake ya hakimiliki. Hilo ndilo jambo jipya katika pendekezo lao.

"Picha niliiweka mwenyewe mtandaoni, basi ni ya wote."

Kuonyesha si kugawa. Sheria ya Kenya inasema anayetaka kutumia data yako kibiashara aombe ridhaa yako waziwazi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia uko juu yake. Wala kuandika chini ya video "imetengenezwa kwa akili mnemba" hakumwokoi. Maneno hayo humsaidia mtazamaji asidanganyike, ila hayageuki kuwa ruhusa ya mwenye uso.

"Nilisaini, sina la kusema."

Inategemea ulisaini nini. Waigizaji wa Marekani waligoma siku 118 mwaka 2023, na nakala za kidijitali zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wagome: walihofia kupigwa picha siku moja, walipwe ya siku moja, kisha sura zao zitumike milele. Mwaka uliofuata California ilipitisha sheria inayobatilisha kipengele cha mkataba kinachotoa nakala ya mtu bila kueleza vya kutosha itatumikaje, iwapo mtu huyo hakuwa na wakili wala chama cha kumsemea. Kenya, ridhaa uliyoitoa chini ya sheria ya data unaweza kuiondoa. Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma matangazo ya redio au kurekodi sauti za vitabu, ukikuta kwenye karatasi maneno "kwa matumizi yoyote, kwa teknolojia yoyote", kalamu iweke chini kwanza, uulize.

"Aliyekufa hana sura ya kulinda."

Huko Marekani, jimbo la New York hulinda sura ya msanii au mtu maarufu kwa miaka 40 baada ya kifo, California miaka 70.

"Kila anayeniiga anavunja sheria."

Hili nalo nalisema kwa nguvu, maana hasira inaweza kutupeleka pabaya. Mchekeshaji anayemwiga mbunge jukwaani, mchoraji wa vibonzo, mwandishi wa habari anayeonyesha video bandia ili kuifichua: hawa si wezi. Sheria ya Kenya inaiachia nafasi kazi ya uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitaja mambo matatu ambayo mlalamikaji wa sura iliyotumiwa athibitishe: kwamba sifa yake inayolindwa ilitumika, kwamba ilitumika kwa kumnyonya, na kwamba hakuridhia.

"Ukilalamika hakuna kitakachofanyika."

Malalamiko kwa Kamishna wa Kenya yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizika ndani ya siku 90. Faini huenda serikalini, lakini sheria inatambua pia fidia kwa aliyeumizwa, na maumivu ya moyo yanahesabiwa. Wengi hushindwa mapema zaidi, siku ile ile ya kwanza: kwa uchungu wanabonyeza kitufe cha kuripoti, video inafutwa, na ushahidi unafutika nayo. Mimi na mama mdogo tulianza na kiungo. Tukakinakili, tukapiga skrinishoti yenye jina la akaunti na tarehe, tukaihifadhi video yenyewe, tukaandika namba ya simu iliyotajwa ya kuagizia matone. Kisha ndipo tukaripoti, na vyote tukawatumia watu wa ofisi ya yule daktari.