Soketi si nodi: keneli inahesabu nini hasa?

Mafundi wenzangu wa Kampala, hili la "seva ina soketi nne" limezidi. Mtu anaendesha lscpu, amri ya Linux inayoeleza prosesa za mashine, anaona nodi 4 za NUMA, papo hapo anaandika kwenye kotesheni kwamba mashine ina soketi 4. Programu ikiwa inauzwa kwa soketi, mteja analipia leseni 4 kwa seva yenye prosesa 1. Hizo ni shilingi za mtu, na hazirudi.

Soketi ni kile kitako cha kwenye bodi kuu kinachopokea prosesa. Prosesa nzima, ile unayoishika mkononi, ndiyo pakeji. Ndani yake kunaweza kuwa na kipande kimoja cha silikoni au vingi. Nodi ya NUMA ni kundi la viini (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) pamoja na kumbukumbu iliyo karibu nao.

Sasa, keneli, yaani moyo wa mfumo endeshi wa Linux, haioni soketi. Nyaraka za Linux za upande wa x86 (prosesa za aina ya Intel na AMD) zinatamka wazi kwamba soketi haina maana yoyote kwa programu, na kwamba pale neno hilo lilipobaki kwenye kodi ni mabaki ya zamani. Ushahidi uko mezani: chukua bodi ya vitako viwili iliyowekewa prosesa moja, kama seva nyingi zilizotumika tunazouziwa hapa mjini. lscpu itakuandikia soketi 1. Kitako kitupu hakina wa kuitika.

Inachofanya keneli ni kusoma APIC ID, namba ambayo kila thredi (mkondo wa kazi ndani ya kiini) inayo, na kuigawa kwa biti. Amri ya CPUID ndiyo inayosema biti ngapi ni za thredi na ngapi ni za kiini. Tuseme thredi ni biti 1 na kiini ni biti 4. APIC ID 37 kwa biti ni 100101: ile 1 ya mwisho ni thredi ya 1, 0010 ni kiini cha 2, na 1 inayobaki mbele ni pakeji ya 1. Hiyo iliyobaki ndiyo physical_package_id. Vipande vya silikoni vilipoongezeka ndani ya pakeji, ilibidi vipate biti zao hapo katikati. Intel ikaongeza ukurasa wa 1F katika CPUID, na Linux 5.2 ya mwaka 2019 ikaanza kuonyesha die_id, namba ya kipande, kando ya namba ya pakeji.

Wengi walipotelea kwa AMD. EPYC ya kwanza, prosesa yao ya seva ya 2017, ilikuwa na vipande 4 ndani ya pakeji moja, kila kimoja na kumbukumbu yake, hivyo nodi 4 kwa prosesa moja. Watu wakazoea kuhesabu nodi na kuziita soketi. Kizazi cha 2019 kilihamishia njia za kumbukumbu kwenye kipande kimoja cha kati, na sasa idadi ya nodi unaichagua mwenyewe kwenye BIOS (mipangilio ya kuwashia mashine): 1, 2 au 4 kwa kila prosesa. Unawasha upya, nodi zimebadilika, na hakuna skrubu iliyoguswa! Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuwa soketi.

Kwenye mashine pepe, ile iliyoundwa kwa programu tu, ndiyo kabisa usiamini: "soketi" ni idadi yoyote aliyoijaza aliyeiunda.

Kwa hiyo, ndugu, ukiwa kwenye seva halisi, soma /sys/devices/system/cpu/cpu*/topology/physical_package_id, ondoa namba zinazojirudia, hesabu zilizobaki. Hizo ni pakeji zilizo hai, basi. Usizitumie kuamua prosesa ipi ya kung'oa, kwa maana si lazima zilingane na maandishi yaliyochapwa kwenye bodi. Na kwenye kotesheni andika "prosesa 1, nodi 4 za NUMA". Mteja ataelewa, na mwenye leseni atajua la kutoza.