Lango la Holsten: kwa nini limeinama, na kwa nini saruji si dawa yake

Lango la Holsten mjini Lübeck, Ujerumani, halihitaji timazi; kwa macho tu unaona minara yake miwili imekwenda upande. Wengi hudhani ni uzee. Sivyo. Lilijengwa kati ya 1464 na 1478 chini ya fundi mkuu wa mji, Hinrich Helmstede, kwenye ardhi ya kinamasi, na mnara wa kusini ukaanza kuzama kabla ujenzi haujakwisha. Waashi walijaribu kuunyoosha kadiri walivyopanda, lakini ardhi iliendelea kushuka. Leo matundu ya chini kabisa ya mizinga yako kama nusu mita chini ya usawa wa ardhi.

Uzito nao haukugawanywa sawa. Ukuta unaotazama nje, alikotarajiwa adui, una unene wa zaidi ya mita 3.5, ule wa upande wa mji haufiki mita 1. Kivita ni busara, kwa msingi laini ni balaa.

Mwaka 1863 lango lilinusurika kubomolewa kwa kura moja tu, likakarabatiwa 1871. Kazi nzito ilikuja 1933 na 1934, lilipohofiwa kuanguka: zikawekwa nanga za zege la nondo. Kuinama hakukuondolewa, kulizuiwa, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi sahihi. Ukuta uliokwisha kukaa ukiusukuma urudi wima, unafungua nyufa mpya.

Kabla ya kugusa ufa wowote, jua kama bado unatembea. Bandika kipande chembamba cha jasi (unga mweupe wa plasta unaoganda ukichanganywa na maji) juu yake, andika tarehe, kiache mwaka mzima kipite baridi na joto. Kikikatika, tatizo liko chini, na kuziba juu ni kupoteza mota, yaani mchanganyiko unaoshikanisha matofali.

Mota yenyewe ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Waashi wa kale wa eneo hili walitumia sana jasi iliyochomwa. Saruji ya kawaida ikikutana na jasi penye unyevu, salfeti, kemikali iliyomo kwenye jasi, huungana na alumina iliyomo kwenye saruji na kuota fuwele zinazovimba. Kiungio, yaani mstari wa mota kati ya matofali, hufura, tofali husukumwa nje. Fundi anaweza kuondoka ameridhika, ukuta ukaanza kupasuka miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo peleka sampuli maabara kwanza. Penye jasi, rudisha jasi. Penye chokaa, tumia chokaa kipimo 1 kwa mchanga vipimo 2.5 hadi 3.

Chokoa mota ya zamani kwa patasi na nyundo, si grainda, maana diski hukata kingo za tofali. Kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa kiungio: cha sentimita 1, ingia 2 au zaidi. Fagia vumbi lote. Kwa chokaa, lowesha ukuta bila kuacha maji yakisimama, shindilia kwa tabaka nyembamba, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chini ya nyuzi 5 usifanye kazi: maji huganda ndani ya mota kabla haijashika.

Matofali ya lango hili yamepangwa kwa mistari, mekundu yakipokezana na meusi yenye mng'ao wa glezi, tabaka la kioo lililochomewa usoni. Haya meusi hayapumui usoni, kwa hiyo unyevu wa ndani hutokea kwenye viungio. Ukiviziba kwa mota ngumu, glezi ndiyo itakayobanduka.