Maji ya chumvi sio shida, shida ni maji baridi: kufunga mashine ya kuchuja maji (RO) ya akwariamu ya bahari nyumbani

Karibu kila anayenipigia kuhusu akwariamu ya bahari anaanza na chumvi, inauzwa wapi, kilo bei gani, au anaweza kwenda tu na madumu Kunduchi akachota. Mi nawaambia chumvi utapata, na bahari iko hapo. Kinachoharibu matangi mengi hapa Dar ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yale unayoongezea kila siku.

Piga hesabu. Maji yakikauka kwenye tangi chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi. Tangi la lita 300 lenye feni juu, kwa joto letu hili, linaweza kupoteza lita 3 kwa siku. Sasa unajazia maji ya kisima yenye TDS 500, yaani miligramu 500 za vitu vilivyoyeyuka kwenye kila lita, hiyo ni gramu 1.5 kwa siku, gramu 45 kwa mwezi, mwaka ukiisha umeingiza zaidi ya nusu kilo ya vitu usivyovijua, na maji yakikauka havitoki. Humo kuna naitreti na silika zinazolisha mwani, na kama mabomba ya nyumba ni ya shaba basi inaweza kuwemo na shaba, ambayo kidogo tu inamaliza kamba na konokono wakati samaki bado wanaogelea kama kawaida, ndo maana watu hawaelewi nini kimetokea.

Alafu kuna wale wanaosema kisima changu mbona kina chumvi, si ndo vizuri kwa samaki wa bahari? Hapana jamani. Chumvi ya kisima na chumvi ya bahari mchanganyiko wake ni tofauti kabisa. Niliitwa Mbezi Beach kwenye tangi zuri sana, matumbawe yamefunikwa mwani wa nyuzi, mwenyewe kila wiki anang'oa kwa mkono na wiki inayofuata umerudi. Kipimo cha chumvi kilisoma 1.025, sawasawa kabisa, hivyo hakuwahi kuyashuku maji. Nikachovya mita ya TDS kwenye ndoo yake ya kujazia, ikasoma 1,100. Nilisikitika, maana yule mama alikuwa analihudumia tangi lile kwa moyo wote.

Dawa yake ni RO, mashine inayosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando mwembamba (membreni) unaozuia vilivyoyeyuka, yenye rezini mwishoni, yaani punje zinazonasa kilichobaki, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu video nyingi za mtandaoni zinatoka nchi ambazo bomba lina presha. Sisi maji yanatoka kwenye simtanki. Kila mita 10 za urefu zinakupa bar 1, kwa hiyo simtanki lililo mita 6 juu ya koki linakupa bar 0.6, kama psi 8 na kitu. Membreni inataka psi 50 hadi 60. Tena maji yenye chumvi yenyewe yanasukuma kurudi nyuma, kila TDS 100 inakula kama psi 1, kwa hiyo kisima cha TDS 1,000 kinakula psi 10 peke yake, yaani simtanki lako haliwezi hata kuanza. Mashine yangu ya kwanza niliifunga hivyo hivyo bila pampu, asubuhi nikakuta maji yasiyofika nusu ndoo na TDS bado iko juu, nikadhani nimeuziwa membreni mbovu. Kumbe ni presha. Nunua pampu ya kuongeza presha, na uchukue yenye swichi ya kuizima maji yakiisha kwenye simtanki, vinginevyo siku ya mgao itazunguka kavu mpaka iungue.

Mpangilio: filta ya tope ya maikroni 5, pampu, kaboni, membreni, rezini. Kaboni lazima itangulie membreni kwa sababu klorini inaiharibu. Kabla hujaweka membreni pitisha maji kwenye kaboni mpaka vumbi jeusi liishe, na ukishaiweka mwaga maji ya saa ya kwanza. Kile kikoki kidogo kwenye mpira wa maji taka usikitoe hata fundi bomba akikwambia kinaziba, ndicho kinachobana presha ndani.

Kama tayari una mashine ya RO ya maji ya kunywa, inafaa, ila ondoa ile katriji ya madini ya mwisho maana inarudisha ulichokitoa, weka rezini mahali pake, na uruke lile tangi dogo la presha.

Membreni ya galoni 75 kwa siku inatoa kama lita 12 kwa saa ikipata presha yake. Tangi la lita 300 ukibadilisha asilimia 10 kwa wiki na kujazia kila siku unahitaji lita 50 hivi, kwa hiyo masaa manne matano yanatosha. Washa mara moja kwa muda mrefu, usiwashe kidogo kidogo kila siku, kwa sababu dakika za mwanzo membreni inatoa maji yenye TDS kubwa na hayo ndo yanayomaliza rezini haraka. Mi huyamwaga kabla hayajafika kwenye rezini. Mita ikisoma zaidi ya 0 mwishoni, badilisha rezini siku hiyo hiyo.

Maji taka ni lita 3 hadi 4 kwa kila lita 1 safi. Usiyamwage, TDS yake imepanda kidogo tu: yakiingia 500 yanatoka kama 620 hadi 670. Nyumbani kwangu yanaingia kwenye pipa la bafuni, tunasafishia choo na kudekia.