Akigongwa Kichwa, Usimuulize Kama Yuko Sawa

Mchezaji akianguka baada ya kugongwa kichwa, sauti ya kwanza kutoka benchi huwa ni "Uko sawa?" Naye hujibu yuko fiti, anamwagiwa maji kisogoni, anarudi mchezoni. Hapo ndipo madhara makubwa huanzia, kwa sababu kiungo kinachoulizwa ndicho hicho kilichoumia.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4 na ulaini unaokaribia nyama ya dafu changa. Bega la raga, kiwiko cha angani katika soka au ngumi ya taya ikizungusha kichwa ghafla, fuvu husimama huku ubongo bado unakwenda. Nyuzi za neva huvutika, potasiamu hutoka ndani ya seli, kalsiamu huingia, na seli huanza kuchoma sukari nyingi kurekebisha hali, wakati ule ule ambao damu inayoleta sukari hiyo imepungua. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Picha ya CT, ile ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya eksirei, mara nyingi hutoka safi, kwa maana CT hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Haionyeshi seli zilizoishiwa nguvu. Kwa hiyo karatasi ya "CT safi" si ruhusa ya kucheza Jumamosi ijayo.

Wengi hawazirai. Mwangalie anavyoinuka: anashika nyasi kwanza, anapepesuka hatua mbili, macho yanamtazama mtu bila kumwona, au anakwenda kujipanga upande wa wapinzani. Muulize: Tuko uwanja gani? Hiki kipindi cha ngapi? Nani amefunga mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani, na mlishinda? Jibu moja likikosewa, au dalili moja ikionekana, mechi yake imeisha. Akijibu yote sawasawa bado si ushahidi kwamba hakuumia, maana dalili nyingine huchelewa kwa saa kadhaa. Hapa Mombasa, hasa msimu wa kaskazi, kuna kisingizio cha jua: "Ni joto tu, mpe maji." Maji apewe akiwa macho na anajitambua, lakini kizunguzungu kilichofuata kishindo kihesabiwe kuwa ni cha ubongo.

Akiwa amelala chini, usimwinue kwa makwapa. Piga magoti kichwani pake, kishike kwa viganja viwili kisigeuke, na ichukulie shingo kuwa imeumia mpaka mtaalamu aseme vingine. Akitapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yakizidi, akishikwa na degedege, akiona vitu viwili viwili, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, au akizidi kusinzia na kuropoka, hiyo ni dharura. Apelekwe kwa ambulensi kwenye hospitali yenye CT, kama Hospitali Kuu ya Pwani. Asipakiwe bodaboda katikati ya watu wawili: anaweza kuzirai njiani, na shingo haina wa kuishikilia. Kama mechi iko Likoni, ng'ambo ya kivuko, ambulensi na njia ya kuvuka zipangwe kabla ya filimbi ya kwanza.

Asiye na dalili hizo bado asiachwe peke yake kwa saa 24, wala asiendeshe chombo chochote. Kulala anaruhusiwa, mradi kuna mtu wa kumtazama na kuhakikisha anaamka akiitwa. Kichwa kikiuma apewe Panadol kwa kipimo cha kawaida. Aspirini, Brufen na diklofenaki ziwekwe kando siku mbili za mwanzo, kwani huweza kuongeza kuvuja kwa damu. Pombe hufunika dalili. Miraa na muguka huzuia usingizi anaouhitaji.

Kenya ina msiba wake katika jambo hili. Bondia Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki wa Seoul 1988, alisimamishwa na refa katika pambano lake la Las Vegas mwaka 1994. Alipinga uamuzi ule, akitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo, na hakupona. Mtu anaweza kusimama, kubishana na kudai haki yake huku damu inakusanyika ndani ya fuvu.

Ndiyo maana uamuzi haumfai mchezaji, wala kocha anayetafuta pointi tatu. Katika mashindano makubwa ya raga anayeshukiwa hutolewa kwa dakika 12, apimwe na daktari kando ya uwanja. Katika soka, sheria za mchezo tangu 2024 zinayaruhusu mashindano kuongeza badiliko moja la kudumu kwa ajili ya mtikisiko. Klabu isiyo na daktari aliyefunzwa isijaribu kuiga zile dakika 12. Anayeshukiwa atoke, na asirudi siku hiyo. Kabla ya mechi, pande zote mbili na refa wakubaliane ni nani mwenye neno la mwisho, na awe mtu ambaye mshahara wake hautegemei matokeo.

Halafu kuna suala la pesa, ambalo viongozi hulikwepa. Mchezaji anayelipwa kwa kila mechi ataficha kichwa kinachouma, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Mkataba useme wazi kwamba posho inaendelea wakati wa mapumziko ya mtikisiko. Aliyeajiriwa na klabu akatiwe bima ya majeraha, kama Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inavyomtaka mwajiri.

Kurudi mchezoni huanza na mapumziko mepesi ya saa 24 hadi 48: atembee, apunguze simu na televisheni, asijifungie gizani kwa wiki nzima. Kisha shughuli za kawaida za nyumbani, baiskeli ya mazoezi au mbio nyepesi, mazoezi ya mchezo wake akiwa peke yake, mazoezi na timu bila kugusana, kugusana kamili baada ya idhini ya daktari, mwisho mechi. Kila ngazi ichukue angalau saa 24, na asianze mazoezi ya timu dalili zikiwa bado zipo. Zikimrudia akiwa amekwisha kuanza, ashuke ngazi moja.

Mapigo madogo yasiyoleta dalili nayo yanajilimbikiza, na mengi hutokea mazoezini. World Rugby, shirikisho la raga duniani, mwaka 2021 ilishauri wachezaji wa kulipwa wasizidi dakika 15 za kugusana kamili kwa wiki. Kocha yeyote wa Mombasa anaweza kulifuata hilo bila shilingi ya ziada, akiwa na saa tu mkononi. Kila pigo la kichwa liandikwe daftarini: tarehe, dakika, lilivyotokea, dalili, aliyemtoa, siku aliyorudi. Mchezaji apewe nakala, ili akihamia klabu nyingine daktari wa huko ajue ni la ngapi.