RSS: kujiunga na blogu bila kuacha jina

"Mjomba, sasa wao watajuaje kama umejiunga?" Mpwa wangu aliniuliza hivyo tukiwa kwenye daladala ya kutoka Mbagala, aliponiona naongeza blogu mpya kwenye simu bila kuombwa baruapepe wala namba. Jibu ni kwamba wenye blogu hawajui, na mimi RSS naipendea hapo hapo.

Mlisho wa wavuti, ambao wengi huuita RSS, ni faili moja la maandishi ambalo tovuti huliweka kwenye anwani maalumu na kulisasisha kila inapochapisha kitu. Kwa blogu ya Blogspot, ongeza /feeds/posts/default mwishoni mwa anwani yake. Kwa ya WordPress kwa kawaida ni /feed. Ukilifungua lilivyo, utaona kila posti ina kichwa, kiungo, muhtasari au habari nzima, kitambulisho chake na saa ya kuchapishwa. Saa ikiishia na +0300, ujue inaendana na saa zetu za Dar, masaa matatu mbele ya Greenwich.

Wewe unahitaji kisomaji, yaani programu ya kufuatilia milisho. Ukishakipa anwani, chenyewe ndicho kinachokwenda kupiga hodi kila baada ya muda, tuseme nusu saa. Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Baruapepe hutumwa kwako, kwa hiyo lazima kuna mtu mwenye anwani yako kwenye orodha yake. Mlisho hautumwi, unafuatwa. Kama hakuna jipya, seva iliyopangwa vizuri hujibu kwa msimbo 304 tu, yaani hakuna kilichobadilika; faili haliji na bando lako linapona. Likiwepo jipya, kisomaji hulinganisha vitambulisho na kukuwekea zile posti ambazo hakijawahi kuziona. Ukiichoka blogu, unafuta anwani yake. Hakuna wa kumwomba akuondoe.

Toleo la kwanza la RSS lilitolewa na kampuni ya Netscape mwaka 1999, na RSS 2.0 inayotumika sana leo ikatoka 2002. Podikasti nazo husafiri kwa njia hii hii, ila posti hubeba kiungo cha faili la sauti. Google ilipofunga Google Reader tarehe 1 Julai 2013, wengi walidhani RSS imekufa. Kilichofungwa kilikuwa kisomaji kimoja. Milisho ilibaki kwenye tovuti za wenyewe, na watu wakahamisha orodha zao za anwani kwenda visomaji vingine.

Changu nimekipanga kipakue usiku. Asubuhi, kwenye foleni ya Mtoni kwa Azizi Ally, nazima data na kusoma, posti mpya zikiwa juu, bila mtambo wa kuniamulia nione nini kwanza. Tunashuka Kariakoo, mpwa wangu alikuwa ameshaongeza blogu mbili kwenye simu yake, na mlisho wa podikasti moja ya mpira.